Silinda ya Pili Imekosa Zamu

Hadithi hii inahusu gari lililokwenda vizuri Jumamosi, likaamka Jumapili linatetemeka. Ni Toyota Fielder ya mwaka 2010, injini ya lita 1.5, silinda nne, mali ya mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, anayelitumia kubebea vitenge kwenda sokoni. Asubuhi hiyo alipowasha, injini iliitika lakini haikutulia. Usukani ulitikisika mikononi mwake. Kwenye bomba la moshi kukawa na mlio, pu-pu-pu, kisha pengo, pu-pu-pu, kisha pengo. Harufu ya petroli mbichi ikaingia ndani. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya injini. Alipoanza kupanda mwinuko gari likakosa nguvu, na ile taa ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

Mama akaegesha pembeni, akazima injini. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote siku ile, na mbele nitawaeleza sababu. Vijana wakalisukuma gari kushuka hadi gereji ya jirani, chini ya mwembe, na binti yake wa darasa la sita akafuata nyuma.

Pale gereji ushauri ulifika kabla ya vifaa. Bwana mmoja alisema, "Gari linamisi hilo, badilisha plagi zote." Wa pili akasema pampu ya mafuta imechoka. Wa tatu akasema mama kauziwa petroli yenye maji. Sikilizeni vizuri, watoto wangu: kila mmoja alitaja kitu ambacho kweli huweza kulifanya gari limisi, yaani injini iwake kwa mapengo. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu. Majibu yanayowezekana ni mengi, na jibu la kweli kwa gari hili, siku hii, lazima litafutwe.

Fundi hakushika spana. Aligeukia watu waliolijua gari.

"Shikamoo, fundi," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie. Limeanza lini?"

"Leo asubuhi. Jana lilikuwa zima kabisa."

"Na jana lilifanywa nini?"

Binti akafikiri. "Lilioshwa. Hata injini, kwa ile mashine ya maji yenye nguvu."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaliweka jibu hilo akilini. Hakusema "nimejua". Alikuwa amepata dalili, na dalili bado si ushahidi.

Kabla hajafungua boneti, ngojeni niwaeleze kilichomo humo ndani.

Silinda ni tundu la mviringo ndani ya chuma cha injini, na pistoni hupanda na kushuka humo. Kwanza pistoni inashuka, inavuta hewa na petroli iliyopulizwa kwa matone madogo sana. Inapanda, inavibana. Hapo cheche ya umeme inaruka kwenye ncha ya plagi, mchanganyiko unawaka, joto linapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na gesi inayotanuka inaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Mwisho pistoni inapanda tena kuutoa moshi. Injini ya hatua hizi nne ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, na magari ya petroli yanayopita mbele ya nyumba zenu bado yanafuata mwendo huohuo.

Kila silinda, basi, inahitaji mambo matatu. Hewa na petroli kwa kipimo, karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Mgandamizo, yaani kubanwa sawasawa bila upenyo wa kuvujia. Na cheche yenye nguvu, kwa wakati wake. Likikosekana moja, mchanganyiko hauwaki, pistoni haipati msukumo, na silinda hiyo inaburutwa na wenzake.

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na silinda moja tu. Ikigoma, gari linasimama, na hakuna haja ya kuuliza imegoma ipi. Fielder ina nne, nazo hupokezana kwa mpangilio: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kama mmewahi kuona wanawake wanne wakitwanga kwenye kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, mnajua mdundo ule unavyokuwa. Mmoja akikosa zamu, mdundo wote unavunjika, na waliobaki wanausikia upungufu huo mikononi mwao. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo mara 350 kwa dakika, karibu mara 6 kila sekunde. Silinda moja ikigoma, injini inapata mapengo karibu 6 kila sekunde. Huo ndio mtetemo alioushika mama kwenye usukani.

Swali la kwanza la fundi, basi, lilikuwa hili: ni silinda ipi iliyokosa zamu?

Akachukua mashine ya kupimia, akaichomeka kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya dashibodi. Kioo kikaandika: P0302. Binti akauliza maana yake. Fundi akamwonyesha tarakimu ya mwisho. "Hiyo mbili ni silinda ya pili. Ingekuwa P0304, tungekwenda ya nne. Ingekuwa P0300, maana yake kumisi kunarukaruka, hakujakaa kwenye silinda moja."

"Kompyuta imejuaje, mjomba, na haina macho ndani ya silinda?"

Swali zuri, na jibu lake linanifurahisha kila ninapolieleza. Pistoni zote nne zinazungusha mhimili mmoja mzito, mafundi wanauita krenki. Kwenye krenki ya injini hii kuna kisahani cha meno. Kina nafasi 36, nafasi moja kila nyuzi 10 za mzunguko, ila meno mawili yameachwa makusudi ili kompyuta ijue mzunguko unaanzia wapi. Yanabaki meno 34. Sensa iliyo kando inayahesabu yakipita. Silinda ikiwaka, krenki inasukumwa na meno yanapita haraka kidogo. Silinda ikikosa, krenki inalegea na meno yanachelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kompyuta inalinganisha kuchelewa huko na zamu ya silinda iliyotakiwa kuwaka wakati ule, na hivyo inaitambua.

Lakini angalieni mpaka wa ujuzi wake. Kompyuta ilisema silinda ya pili haisukumi. Haikusema kwa nini. Wako watu wanaosoma namba ile na kukimbilia duka la spea. Namba inakwambia mahali pa kuchunguza, na uchunguzi wenyewe unabaki kuwa kazi yako.

Injini ilipopoa, fundi akatoa kava la plastiki. Chini yake zikaonekana koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja juu ya plagi yake, kila moja imefungwa kwa bolti ya spana namba 10. Silinda ya kwanza kwenye injini hii ni iliyo upande wa mikanda, kwa hiyo ya pili ni inayofuata. Binti akapewa chaki, akaziandika namba moja hadi nne.

Koili ndiyo inayotengeneza umeme wa cheche. Betri inatoa volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka hata pengo dogo la plagi. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizosokotwa, moja ya mizunguko michache na nyingine ya mizunguko mingi mno. Umeme wa betri unapita kwenye ile ya kwanza, kisha unakatwa ghafla. Kukatwa huko kunaamsha kwenye ile ya pili umeme unaoweza kuzidi volti 20,000. Ndiyo sababu hamtakiwi kugusa wala kuchomoa koili injini ikiwa inaunguruma. Fundi alikuwa ameshazima na kutoa ufunguo.

Akachomoa soketi ya waya, akafungua bolti, akaivuta koili ya pili. Maji yakadondoka kutoka kwenye mpira wake. Akamulika tochi kwenye shimo la plagi: chini kulikuwa na kidimbwi. Mashimo mengine matatu yalikuwa makavu. Akaigeuza koili na kumwonyesha binti mpira wa juu, ule unaofunika mdomo wa shimo. Ulikuwa umekauka na kupasuka upande mmoja. Maji ya kuoshea yalipita hapo.

"Basi tumemaliza," mama akasema kwa furaha. "Ni maji tu."

"Inawezekana, mama. Tuulize injini."

Akayapuliza maji kwa upepo wa kompresa, akapangusa, akakausha, akarudisha kila kitu, akafuta ile namba kwenye kompyuta na kuwasha. Injini ikatetemeka vilevile. P0302 ikarudi. Maji yalikuwa yameondoka, lakini kuna uharibifu yaliouacha. Je, uko kwenye koili, kwenye plagi, au mahali pengine kabisa?

Hapa ndipo fundi alipofanya kitu ninachotaka mkikumbuke hata mkisahau mengine yote. Hakununua chochote. Aliihamisha koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili. Plagi hakuzigusa. Nozeli, zile zinazopuliza petroli, hakuzigusa. Alibadilisha kitu kimoja tu.

"Sasa fikiri," alimwambia binti. "Kama ugonjwa uko kwenye koili, tutaona nini?"

"Utahama nayo. Itakuwa silinda ya tatu."

"Na kama hauko kwenye koili?"

"Utabaki ya pili."

Akafuta namba, akawasha. Wakasubiri. Kioo kikaandika P0303.

Ugonjwa ulikuwa umehama. Koili ile ilikuwa mbovu, na hakuna aliyebahatisha. Laiti fundi angebadilisha koili na plagi kwa pamoja, asingejua kamwe kilichokuwa kibovu ni kipi. Majaribio yana sheria hiyo, iwe ni gereji au maabara ya shule: gusa kitu kimoja, viache vingine kama vilivyo, kisha tazama kilichobadilika.

Wengi wangeishia hapo. Fundi hakuishia. Alizima, akafunga koili nzima aliyoazima kwenye gari jingine pale gereji, ya aina ileile, mahali pa ile mbovu, akawasha tena. Injini ikatulia. Akawaambia watu wote wasimame pembeni, mbali na mbele na nyuma ya gari. Akakanyaga breki kwa nguvu, akaweka gia ya D, akawasha kiyoyozi na kukanyaga mafuta kidogo kwa sekunde chache, ili injini ibebe mzigo. Pu-pu-pu, pengo. P0302. Silinda ya pili bado ilikuwa inakosa, ila sasa ni pale tu inapotakiwa kufanya kazi nzito.

Akafungua plagi ya silinda ya pili kwa soketi namba 16 na kumpa binti aishike. Ncha ilikuwa imelowa petroli. Petroli iliingia, haikuwaka. Ndiyo ile harufu ya asubuhi. Kisha akamwambia atazame shingo yake, ile sehemu nyeupe ya kauri yenye mikunjo ya mviringo. Juu ya weupe ule ulipita mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka kichwa cha chuma cha juu mpaka kwenye chuma cha chini. Fundi akapasua kwa kisu mpira wa koili mbovu. Ndani yake, mahali palipolingana na ule mstari, palikuwa na alama nyingine ya kuungua.

Ule mstari ulikuwa njia ya umeme. Umeme hupenda njia rahisi. Siku zote njia rahisi ilikuwa kuruka pengo kwenye ncha ya plagi, ndani ya silinda. Mikunjo ya kauri imewekwa makusudi kuirefusha njia ya nje ili umeme usiitamani. Lakini maji yalipojaa shimoni, njia ya nje ikawa rahisi. Umeme ukatambaa juu ya kauri, ukaunguza uchafu, ukaacha masizi ya kaboni. Kaboni inapitisha umeme. Kwa hiyo hata maji yalipokauka, barabara ilikuwa imeshachongwa. Na kwa nini kwenye mzigo zaidi? Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa hewa nyingi zaidi na inabanwa zaidi, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka ndani ya hewa iliyosongamana. Umeme unalinganisha njia mbili na kuchagua ule mstari mweusi.

Fundi akazitoa na plagi nyingine tatu. Plagi zikiwa nje, zitazameni zote, kwa sababu zinaeleza maisha ya silinda. Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni nzima. Masizi makavu meusi, petroli inazidi. Mafuta mazito ya injini, ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe iliyobabuka, silinda inapata joto kupita kiasi. Plagi tatu za gari hili zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, lakini pengo la ncha zake lilikuwa limepanuka kwa umri. Kipimo chake ni milimita 1.1, na plagi nyingi za Kijapani zinaandikwa 11 mwishoni mwa namba zao kwa maana hiyohiyo. Pengo likipanuka, cheche inahitaji volti nyingi zaidi na koili inachoka.

Mama akanunua koili moja na plagi nne, kwa sababu plagi ziliingia pamoja na umri wake ni mmoja. Fundi akakagua maboksi kwa makini, maana plagi bandia zipo sokoni. Akamruhusu binti azianze plagi kwa mkono, akizungusha kwa vidole vyake kupitia kipande cha mpira kilichochomekwa juu ya plagi, bila spana. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, metali laini. Plagi ikiingia upande, hata kwa nguvu ndogo ya spana, nyuzi za tundu zinakatika na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Zilipokaa vizuri, fundi akazikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Akaweka mpira mpya kwenye kila koili, na hapo ndipo hasa alipotibu chanzo. Angeacha mpira uliopasuka, uoshaji wa kesho ungeanzisha yote upya.

Wakapanda tena ule mwinuko, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Injini ikanguruma bila pengo hata moja, na mashine haikuandika namba yoyote.

Sasa nadhani baadhi yenu mnauliza: je, ingekuwaje kama koili ingehamishwa na ugonjwa ukabaki silinda ya pili? Fundi angehamisha plagi. Ukibaki tena, angegeukia nozeli. Nozeli inayofanya kazi hugonga tiki-tiki, na unaweza kuisikiliza kwa kuiwekea bisibisi ndefu na kuweka sikio kwenye mpini, mbali na mikanda inayozunguka. Ukibaki bado, angepima mgandamizo. Geji inafungwa mahali pa plagi, injini inazungushwa kwa stata, na silinda zote nne zinalinganishwa. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, anatia kijiko cha mafuta ya injini na kupima tena. Kipimo kikipanda, mafuta yameziba upenyo kwenye ringi, kwa hiyo ringi zimelika. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi ya kichwa cha injini. Na kama kompyuta ingesema P0300, angetafuta kitu ambacho silinda zote zinachangia: pampu na chujio la mafuta, petroli yenyewe, au mpira wa hewa uliopasuka na kuvuta hewa ambayo sensa haikuipima.

Niliahidi kuwaeleza kwa nini mama alikuwa na busara kuzima injini. Petroli isiyowaka kwenye silinda haipotei. Inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, kisha inatoka na kuwakia kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kilichopo kwenye bomba. Kinapata moto mkali hadi kinaweza kuyeyuka ndani, na bei yake ni kubwa kuliko koili zote nne. Taa ya injini ikiwaka bila kuzimika, nenda kwa fundi mapema. Ikiwa inawaka na kuzimika, simama penye usalama na uzime. Mkiwa abiria, mwambieni dereva. Ninyi ni wadogo, lakini macho yenu yanaiona taa hiyo sawasawa na ya mtu mzima.

Wale watu watatu hawakuwa wajinga. Aliyesema plagi alikuwa amegusa nusu ya ukweli, lakini plagi mpya chini ya koili iliyoungua ingemisi vilevile, na mama angerudi dukani siku inayofuata kununua pampu asiyoihitaji. Familia nyingi hupoteza fedha za ada na chakula kwa njia hiyo, kifaa baada ya kifaa, kwa sababu hakuna aliyetenga nusu saa ya kuuliza. Ufundi ninaouheshimu ni ule unaomlinda mwenye gari asilipie makisio.

Kwa hiyo siku gari la nyumbani kwenu likimisi, ulizeni kama alivyouliza fundi huyu. Limeanza lini, na kabla ya hapo lilifanywa nini? Ni silinda ipi? Kati ya hewa na petroli, mgandamizo na cheche, kinachokosekana ni kipi? Hamisheni kitu kimoja, tazameni ugonjwa unakwenda wapi, na dukani mwende mkiwa mmeshapata jibu.